Miaka Mitano ya Chef de Travaux

Katika miaka yote niliyokaa naye pale chuoni Kisangani, sikumsikia mtu akimwita kwa jina lake. Tulimwita Chef, kifupi cha chef de travaux, na mgeni angedhani ni mkubwa wa kitu fulani. Hakuwa mkubwa wa chochote. Chef de travaux ni ngazi ya katikati: umeshapita uasistenti, lakini huwezi kuwa profesa mpaka upate udaktari. Na udaktari alioutaka yeye haukutolewa popote katika nchi yetu. Alitaka biolojia ya kompyuta, na aliitaka wakati mji uko mikononi mwa waasi, mto umefungwa, na kitivo chetu hakina kompyuta hata moja inayowaka. Watu walimcheka. Mimi pia nilimcheka, kabla sijawa mwanafunzi wake, kisha msaidizi wake, kisha mtu aliyemharibia mambo.

Kila mwaka aliomba nafasi ng'ambo. Wafadhili wa masomo hayo walitaka mtu ambaye hajafikisha miaka arobaini, na Chef alikuwa akiukaribia mpaka huo huku vita havioneshi dalili ya kwisha. Akiuvuka kabla ya kupata nafasi, basi, atazeeka na cheo kile kile, akiwafundisha watoto wa wanafunzi wake. Hiyo ndiyo hofu aliyoamka nayo na kulala nayo.

Nianze na maharagwe, maana ndiyo yaliyomfanya ajulikane mji mzima.

Urithi wa kila kiumbe umeandikwa kwa herufi nne tu, A, C, G na T, zikijirudia kwa maelfu. Kabla ya vita, mtafiti mmoja wa kigeni alimwachia Chef katoni ya karatasi zilizochapwa herufi hizo, za samaki wa mto wetu. Ukitaka kujua samaki yupi ni ndugu wa yupi, unaweka mistari miwili sambamba na kuhesabu inapotofautiana. Mashine hufanya hivyo kwa kufumba na kufumbua. Chef aliifanya kwa nafaka. Maharagwe mekundu yalikuwa A, mahindi yalikuwa C, maharagwe meupe yalikuwa T, na karanga zilikuwa G. Tulizipanga juu ya meza ndefu za maabara, kila mwanafunzi na kipande chake cha mstari, na yeye akipita nyuma yetu mikono mgongoni.

Sasa fikiria wanafunzi wasiokula tangu jana, umewapa karanga uwaambie ni herufi.

"Bon," alisema asubuhi moja, amesimama mbele ya meza ya tatu. "Ni nani alikula guanine?"

Tuliinamia maharagwe yetu.

"Collègues, niko naongea na batu wazima. Hapa G kumi na moja haziko. Ni nani alikula?"

"Chef," sauti ikatoka nyuma, "ni njaa."

Chef aligeukia ubao. Alifuta hesabu yote ya siku ile ubaoni, akampa yule mwanafunzi sifuri, akaondoka. Kesho yake alikuja na sufuria ya mihogo iliyochemshwa, akatugawia sote, na yule wa sifuri akapata kipande kikubwa kuliko wote. Kisha akamimina mezani vizibo vya chupa za bia. "Hii ndiyo G," akasema. "Hii hamuwezi kula." Sifuri yake haikufutwa.

Ndivyo alivyokuwa, na sikuwahi kumzoea. Alituita collègue, kana kwamba tulikuwa wenzake kazini, tangu siku ya kwanza ya mwaka wa kwanza, lakini hakumpa mtu yeyote zaidi ya kumi na tatu kwa ishirini. Ukimpelekea kazi uliyoifanya kwa wiki mbili, hakuisoma kwanza. Aliirudisha na kusema, "Hesabu tena." Alimwambia hivyo hata mwendesha toleka aliyemtajia bei ya kumbeba kwenye baiskeli kwenda Makiso, katikati ya mji, na yule kijana akahesabu tena kweli, akapunguza. Sifa yake kubwa kabisa ilikuwa "haukukosea." Niliipata mara mbili kwa miaka sita, na mara zote mbili nilikwenda kumsimulia mama yangu.

Kuna mwanafunzi aliyewahi kubadilisha urefu wa samaki mmoja kwenye jedwali lake, milimita mbili tu, ili mstari wake unyooke. Chef alikwenda kumpima yule samaki upya kwenye chupa ya formalini, akamrudisha mwenzetu nyuma mwaka mzima. Jumapili iliyofuata alikwenda nyumbani kwa wazazi wa yule kijana, akakaa nao, akawaomba msamaha mpaka machozi yakamtoka. Baba mtu akadhani alama zitabadilika. Hazikubadilika. Mpaka leo sijui niite ule ni ukali au ni upole, na sitaki kujifanya najua.

Nyumbani kwake samaki waliingia wazima, lakini vichwa vilikuwa vyake. Alivichemsha, akavisafisha kwa mswaki, akahesabu mifupa. Mke wake, aliyetoka katika familia ya wafanyabiashara wa Kinande na kuuza vitenge sokoni, alichoka na mafuvu ya ngolo, wale kambare wa mtoni, kwenye rafu ya vyombo.

"Weye niambie," aliniuliza siku moja, "miye niliolewa na mutu ao na musée ya mifupa?"

"Mutu," Chef akajibu kutoka chumbani. "Lakini usiguse ile ya kushoto, haijakauka."

Alikuwa mwoga pia, na hakuona aibu kusema. Majeshi mawili ya kigeni yaliyokuja kuwasaidia waasi yalipopigana yenyewe kwa yenyewe katikati ya mji wetu, mabomu yakianguka juu ya nyumba za watu wasiohusika, wanaume wengi walijitia ujasiri mbele ya wake zao. Chef aliingia chini ya kitanda na kusema, "Miye niko na woga, sifiche." Walipopata nafasi ya kukimbilia msituni, alitoka na katoni ya herufi kichwani, na sufuria ya pekee ya familia ikabaki. Walipika kwenye kopo kwa siku zote walizokaa huko. Mke wake alinisimulia habari hiyo mara nyingi, na hata mara moja hakucheka.

Sasa nifike kwenye maombi yenyewe, maana nimekuwa nikiyazunguka.

Mwanzoni tulituma bahasha kwa mkono. Posta ilikuwa imekufa, kwa hiyo tulikwenda kiwanja cha ndege kuwabembeleza marubani wa ndege za mizigo wachukue bahasha mpaka nchi jirani na kuitia posta huko. Wengine walikubali. Zilifika au hazikufika, hatukuwahi kujua. Mwaka mmoja barua ya kutuarifu siku ya mwisho ya kuomba ilifika miezi minne baada ya siku hiyo. Chef aliisoma, akaikunja, akaiweka ndani ya faili. "Sawa," akasema. "Donc mwaka unaokuja." Nilitaka apige meza, atukane mtu, lakini hapakuwa na wa kumtukana.

Baadaye mfanyabiashara mmoja alifungua duka la mtandao Makiso, akiwa na sahani ya satelaiti juu ya bati. Umeme wa bwawa la Tshopo ukiwepo, tulikimbilia huko. Fomu zilikuwa za Kiingereza, na Kiingereza cha Chef alikitoa kwenye kamusi na redio. Kilichomshinda zaidi ni ile barua ambayo mwombaji hujieleza mwenyewe: kwa nini unapenda fani hii, ndoto yako ni ipi.

"Wanauliza juu ya ndoto yangu," aliniambia, amekasirika kweli. "Collègue, ndoto iko data?"

"Wanataka kukujua, Chef."

"Wasome jedwali. Miye niko ndani ya jedwali."

Barua yake ya kwanza ilikuwa na majedwali matatu na hakuna "mimi" hata moja. Nilimwomba aongeze jambo la maisha yake, hata habari ya maharagwe tu. Alikataa. Alisema watamwonea huruma, na huruma itaharibu hesabu. Walimkataa mwaka huo, na uliofuata pia. Na ghafla cheti chake cha kuzaliwa kikawa kinasema kwamba mwaka ule anatimiza arobaini na moja.

Hapo ndipo nilipoingia mimi na akili zangu.

Mjini kwetu kukata miaka hakukuwa kosa la kumnyima mtu usingizi. Wacheza mpira walikata, wanajeshi walikata, watu waliotafuta kazi walikata. Palikuwa na mzee mmoja mwenye mashine ya kuchapa aliyekaa kwenye veranda ya duka lililofungwa. Ulimpelekea cheti chako cha zamani, akakutengenezea kipya. Nilimwambia Chef twende kwa huyo mzee.

Alinitazama kana kwamba nimemtukania mama yake. "Ule mutoto nilimurudisha mwaka mzima juu ya milimita mbili. Miye ndiye nikate miaka?"

"Chef, kila mutu anakata."

"Alors muende na kila mutu."

Hakuniongelesha kwa wiki nzima. Nami kwa kiburi changu sikunyamaza. Nilimfuata mke wake sokoni, nikamweleza kuwa mumewe anauacha udaktari kwa sababu ya tarakimu moja. Nilijua atakwenda kusema nini nyumbani. Nilijua pia kwamba Chef angeweza kubishana na dunia nzima isipokuwa yule mwanamke aliyepika kwenye kopo.

Mwezi mmoja baadaye alikuja maabara na faili ndani ya mfuko wa plastiki. Aliniomba nisahihishe Kiingereza tu. Cheti kipya kilikuwa juu, wino ungali mweusi. Yule mzee wa veranda hakuwa na mchezo wa mwaka mmoja mmoja. Alikata mitano kwa kila mtu, ndiyo desturi yake, na Chef sasa alikuwa na thelathini na sita. Nilipoinua macho, Chef alikuwa ametazama dirishani, ananisubiri nimalize.

Nilifurahi. Niseme ukweli, nilifurahi mno. Nilisahihisha koma na vihusishi, nikakagua tahajia ya majina ya samaki, nikamrudishia. Ndani ya faili ile ile mlikuwa na diploma yake ya sekondari yenye mwaka wake, haikukatwa kitu. Miaka sita alikuwa ameniambia nihesabu tena, na siku ile moja sikuhesabu. Naye hakuhesabu. Nadhani hakuweza kukiangalia kile cheti mara mbili.

Jibu lilikuja upesi kuliko yote ya nyuma. Tulilisoma pamoja pale dukani Makiso, tumebanana kwenye kiti kimoja. Walisema maprofesa wawili wamelisoma jedwali lake la samaki na wangependa kumpokea. Nilimshika mkono. Hakuutoa. Mwishoni mwa barua kulikuwa na swali moja dogo. Kwa mujibu wa vyeti, mwombaji alimaliza sekondari akiwa na miaka kumi na minne. Wangependa kupata maelezo.

 Nikaanza kuongea haraka haraka. Tuseme aliruka madarasa. Tuseme alikuwa na kipaji, shule ya misheni ilimpandisha mara tatu. Nani atakwenda kuuliza, na njia zote zimefungwa? Tuseme diploma imekosewa na mchapaji.

"Apana," akasema.

"Chef, ni mustari mumoja tu."

"Apana, collègue. Toka kwa kiti."

Nikatoka. Aliandika kwa vidole viwili, akitafuta kila herufi. Nilisimama nyuma yake kama yeye alivyosimama nyuma yetu miaka yote, na sikuwa na la kufanya. Kwa Kiingereza chake cha kamusi aliwaandikia kwamba kosa ni la miaka mitano, kwamba limefanywa na yeye mwenyewe kwa kukusudia, na kwamba vipimo vya samaki vyote ni vya kweli. Hakunitaja. Nilimwomba anitaje, akasema sikuwa mwombaji.

Walifunga faili lake. Barua yao ilikuwa ya heshima, ndiyo maana iliuma zaidi.

Baada ya hapo hakuomba tena. Aliendelea kufundisha, kutoa kumi na tatu, kuwafukuza mbwa kwa mwavuli. Mimi niliomba mahali pengine, fani ile ile. Nilimtaka aandike barua ya kunipendekeza, na nilivyoona haya kumwomba, Mungu anajua. Aliiandika siku hiyo hiyo, mistari miwili: mwanafunzi huyu hakosei mara mbili mahali pamoja. Nilikubaliwa. Nilipoondoka sikwenda kumuaga vizuri. Nilipita maabara wakati najua yuko darasani, nikaacha ujumbe.

Nilirudi baada ya miaka mitatu, kwa matanga ya baba yangu. Wakati huo majeshi ya kigeni yalikuwa yameondoka na mto umeanza kufunguka. Mashua kubwa za mbao zilikuwa zinapanda tena kutoka chini, zimejaa watu waliokuwa wakitafuta ndugu zao. Siku ya nne ya matanga nilijilazimisha kwenda nyumbani kwa Chef.

Nywele zake zilikuwa zimeingia mvi pembeni. Alinipokea kana kwamba tuliachana jana. "Collègue, karibu. Kaa. Utakula na sisi." Kwenye mkeka ukumbini alikaa bibi mmoja akipasua samaki wa kukauka, na Chef akamtambulisha: shangazi yake wa Barumbu, kule chini mtoni, aliyemlea. Miaka yote ya vita hawakupata habari zake, kwa sababu mstari wa mapigano ulikuwa umekaa katikati yao na yeye. Walikuwa wameshamlilia. Alikuwa ameshuka kwenye mashua wiki iliyopita, na samaki wake.

"Tante," Chef akasema, "ambia huyu mutoto ile yenye uliniambia."

"Ya nini tena?"

"Ya masomo."

Bibi akafuta mikono. "Huyu hakukuwa na miaka ya kuingia masomo, mwana yangu. Mutoto yangu wa kwanza ndiye alikuwa nayo. Lakini huyu alikuwa analia kila asubui, anataka kufuata kaka yake. Alors papa yake akasema, waandikwe pamoja. Padri aliandika mwaka moja kwa bote wawili, ule wa mukubwa, na cheti ya huyu ikafuata ile."

"Na kaka yake alimupita na miaka ngapi?" nikauliza, na nilikuwa nimeshaanza kuogopa.

"Mbili. Huyu nilikuwa namubeba kwa mugongo, mwenzake anatembea. Miye ndiye nilimupokea siku alizaliwa. Mbili."

Chef alinitazama. "Hesabu," akasema.

Nilihesabu. Arobaini na moja, toa mbili.

"Trente-neuf," akasema yeye, kabla sijafungua mdomo. "Ule mwaka, nilikuwa na trente-neuf. Ya kweli ingetosha."

Nililia pale pale mbele ya yule bibi, na yeye akadhani namlilia baba yangu, akanivuta kwake. Sikumsahihisha. Nilipoweza kusema, nilimuuliza Chef kwa nini hakumuuliza shangazi mapema.

"Nimuulize namna gani? Muto ilikuwa imefungwa."

Tulikula. Aliniuliza habari za masomo yangu, na alitaka namba, si hadithi. Ila nilipoinuka kwenda alinifuata mpaka barazani, akashusha sauti ili mke wake asisikie. Nilidhani ataomba nimsaidie kuomba nafasi tena, na sikujua ningemjibu nini, maana sasa hata kwa miaka ya shangazi alikuwa ameshavuka mpaka. Haikuwa hivyo.

"Kule kwao kuko faili yangu," akasema. "Ndani nimeandika kosa ni ya miaka mitano. Haiko mitano. Cheti ya kwanza ilikosea mbili, ile ya pili ilipita ya kweli na tatu. Kosa yangu iko tatu. Wasahihishe. Siombi nafasi, collègue. Nataka tu ikae sawa."

Alikuwa ameshaiandika, kwa mkono, kwenye karatasi ya miraba, na jedwali dogo chini. Niliichukua. Niliporejea masomoni niliichapa neno kwa neno, nikaambatanisha jedwali, nikaituma kwa wale waliofunga faili lake.

Walijibu baada ya siku mbili. Walishukuru kwa ufafanuzi, na wakaomba, ili marekebisho yafanyike, tuwatumie cheti cha kuzaliwa.